Mwaka Wangu wa Kichina na Swali la Pili

Binti wa mwenye nyumba wetu alikuja na barua yake ndani ya karatasi ya plastiki, kaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sahani ya mchuzi iliyojaa. Chuo kikuu kimoja cha China kilikuwa kimemkubali kwenye programu ya lugha ya Kichina kwa wageni, mwaka mmoja, na baada ya hapo, Mungu akipenda, shahada. Yeye alikulia Kitale, mimi nilikulia Eldoret, na hapa Atlabara, mtaa wa Juba, watu wa namna yetu tunatambuana kwa Kiswahili kabla hata ya kuulizana majina.

"Auntie, wewe ulienda," akasema. "Niambie ukweli. Hiyo kozi inafaa, ama nitapoteza tu mwaka?"

Nilikuwa nafua. Nikamwambia arudi kesho. Si kwamba sikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu mawili, yote ya kweli, na moja kati yake lilikuwa na mdogo wangu ndani yake.

Tulikuwa wawili tu kwa mama, mimi na mdogo wangu wa kiume. Baba alifia kwenye vita vya zamani, mdogo wangu angali tumboni. Mama akavuka mpaka nasi, akafika Eldoret, akaanza kuuza mitumba. Jioni alikuwa amechoka sana kutufundisha lugha ya kwetu, na sisi tulikuwa na marafiki mtaani waliotungoja na Kiswahili chao. Lugha ya kwetu mama aliitumia alipokasirika tu. Kwa hiyo tulikua tukijua matusi manne na salamu moja, na salamu yenyewe tuliijua kwa sababu ya nyanya. Nyanya alikuwa kijijini, siku mbili kutoka Juba kwa lori wakati wa kiangazi, na kila alipopata mtu mwenye simu alitupigia. Tulimsalimu, akaitikia kwa furaha, kisha akaanza kuuliza mambo, na hapo tukamrudishia mama simu.

"Nileteeni hao watoto mwaka mmoja," alikuwa akimwambia mama. "Mmoja tu. Nitawatia lugha mdomoni."

Mama akapanga. Mdogo wangu akimaliza kidato cha nne, mimi nimpeleke, tukae naye mwaka. Peke yake asingeweza, maana alikuwa mtoto wa mjini kabisa, mtu wa kuogopa ng'ombe. Nilikubali kwa mdomo. Moyoni nilijiuliza ni nani anayeacha maisha aende kukaa mwaka mzima kwenye kinyesi cha ng'ombe ili ajue kuzungumza na bibi kizee. Ndivyo nilivyofikiri, na siwezi kuyapamba leo.

Mwaka huohuo nikapata nafasi ya China. Mwaka wa kwanza lugha, halafu uhandisi wa ujenzi, na gharama zote juu yao. Mdogo wangu ndiye aliyeniamulia.

"Enda, dada," akasema. "Nyanya atangoja."

Nyanya hakungoja. Alikufa mvua zilipoanza, nami nikapata habari nikiwa nimeshika kitabu cha Kichina, somo la ishirini na kitu. Kwa hiyo mdogo wangu hakupelekwa popote.

Mtu akiniuliza kuhusu ile programu yenyewe, mafunzo tu, sina baya la kusema juu yake. Ilikuwa nzuri kwa aliyetaka kuteseka. Saa mbili kamili asubuhi tulikuwa darasani, imla kila siku, na kabla ya hapo tulisimama uani kwenye baridi ya kupasua midomo tukisoma kwa sauti, kila mtu akielekea ukuta wake. Wageni wengi walikaa na watu wa kwao, wakapika vyakula vya kwao, wakaongea Kiingereza korido nzima, na mwisho wa mwaka wakarudi walivyokuja, ila wanene zaidi. Mimi sikuwa na mtu wa kwetu hata mmoja, kwa hiyo nilijifunza. Upweke ulinifundisha kuliko kitabu.

Mwalimu wetu alikuwa mama mfupi, na chupa yake ya maji ya moto haikumtoka mkononi. Alikuwa na sheria moja ya ajabu. Hadi tufike somo la kumi, alitukataza kumsalimu mtu yeyote barabarani kwa Kichina.

"Mkisalimu vibaya, watajua ni wageni, watawasaidia," alisema. "Mkisalimu vizuri, watadhani mnajua. Watawauliza swali la pili. Mtafanya nini?"

Tulicheka. Wiki hiyohiyo nikaenda kwa muuza matunda, nikamsalimu vizuri kabisa, kwa madaha. Yule mama akafurika. Aliuliza, akaeleza, akauliza tena, nami nimesimama natabasamu na kutikisa kichwa, mpaka nikaondoka na furushi la machungwa makubwa ambayo sikuyataka. Nilimsimulia mdogo wangu kwenye simu, tukacheka hadi pesa ya simu ikaisha.

Uhuru wetu, nchi ya zamani ilipogawanyika, ulinikuta huko. Nilitazama bendera ikipanda kwenye kompyuta ya bweni, peke yangu, nikalia. Kesho yake mwalimu akaniita kwenye ramani ukutani, akanipa kalamu nyekundu, akaniambia nichore nchi yangu mpya. Niliishika ile kalamu mbele ya darasa zima. Sikujua mpaka unapita wapi. Nikachora mstari mahali fulani, wakapiga makofi.

Shahada sikuipata. Kila karatasi yangu ilikuwa na jina la nchi ambayo haikuwa yangu tena, na nchi yangu haikuwa bado na ofisi ya kuniandikia nyingine. Nilizungushwa dirisha hadi dirisha kwa miezi, wakinihurumia sana. Hatimaye nikarudi nyumbani na cheti cha lugha. Lugha tu, kama mtu aliyetumwa sokoni akarudi na kikapu.

Juba lakini ilikuwa na njaa ya watu kama mimi. Kampuni moja ya Wachina ya kujenga barabara, iliyokuwa na kambi Thongpiny, jirani na uwanja wa ndege, ilinichukua wiki ileile niliyofika. Kazi yangu ilikuwa kusimama kati ya meneja na vibarua. Meneja akisema, "Waambie hawa ni wavivu kuliko mawe," mimi nasema, "Anaomba tuharakishe kidogo." Vibarua wakijibu kwa Kiarabu cha Juba maneno yanayohusu mama yake, mimi nasema, "Wanasema wamesikia." Sikuwa mkalimani mwaminifu, ila hakuna aliyepigana kwenye barabara ile miaka miwili. Mshahara ule ulimleta mdogo wangu Juba, ukamtia chuo kikuu, ukatulipia chumba Atlabara kwenye ua wa nyumba sita.

Jirani yetu mlango wa pili alikuwa mama wa Kiganda mwenye kibanda cha chakula pale soko la Custom. Alimpenda mdogo wangu kupita kiasi, kwa sababu alikula bila kuchagua. Na mdogo wangu aliipenda nchi hii kupita kiasi, hata aibu nilikuwa naona. Alivaa bangili ya bendera mpaka ikachakaa. Mimi nilikuwa tayari nimeshaona ofisi zake, yeye bado alikuwa anaona wimbo wake. Siku moja aliniomba nimfundishe lugha ya kwetu, yale kidogo niliyokuwa nayo. Nikamfundisha ile salamu ya nyanya vizuri, na jinsi ya kuitikia, mkunjo wa sauti na kila kitu, kwa namna mwalimu wangu wa China alivyonifundisha. Alikuwa na sikio zuri. Baada ya siku mbili ungedhani kazaliwa kwenye zizi.

Hatukuendelea. Mimi nilikuwa na kazi.

Nchi haikuwa imetimiza miaka mitatu vita vilipoanza. Desemba, usiku, mizinga. Asubuhi tukaambiwa viongozi wamegombana. Jioni tukaambiwa wanajeshi wanapita nyumba kwa nyumba, na kwamba barabarani wanauliza watu maswali kwa lugha ya kabila lao, na anayekosa jibu anajulikana ni wa upande ule. Sisi tulikuwa wa watu haohao waliokuwa wanauliza. Nakumbuka nilivyojifariji kwa hilo, nikajifunika shuka chini ya kitanda, nikasema, angalau hawa ni wetu.

Siku ya tatu gari la kampuni likaja kunichukua. Wachina walikuwa wanaondoka wote kwa ndege ya kukodi, na walihitaji mtu wa kuwasemea uwanjani. Dereva alikataa kumbeba mdogo wangu. Alikuwa ametumwa mkalimani, si ukoo, ndivyo alivyosema, na kwenye vizuizi alikuwa na karatasi ya watu wawili tu. Nikamwacha kwa jirani wa Kiganda, mlango umefungwa, maji yapo, chapati zipo. Alikuwa salama. Nataka hilo lieleweke, maana kila kitu kinasimama hapo. Nilipomwacha alikuwa salama.

Kambini meneja alikuwa anachoma makaratasi kwenye pipa. Nikamfuata, nikaanza kuongea. Mwaka mzima wa imla, asubuhi zote zile za baridi, sidhani viliwahi kunisaidia kama dakika ile. Sikutafuta neno hata moja. Nilimweleza kwamba nina mdogo wangu, kwamba mama yetu hana mwingine, kwamba miaka miwili nimemfichia matusi ya watu na sijawahi kumwomba kitu. Nilitumia adabu zote za lugha yao, zile za kumwomba mkubwa. Meneja akaacha kuchoma, akanitazama kama mtu anayeniona mara ya kwanza.

"Kichina chako kimekuwa kizuri," akasema. Kisha akasema nafasi ipo, awe getini kabla ya saa saba.

Nikampigia simu. Mtandao ulishika mara ya kwanza, jambo ambalo siku zile lilikuwa muujiza, nikamshukuru Mungu kwa hilo.

"Toka sasa hivi," nikamwambia. "Nimekupatia ndege. Njoo Thongpiny."

"Nisubiri mambo yatulie, dada? Hapa pako kimya."

"Hakuna kusubiri. Njoo."

Akakubali. Mama wa Kiganda naye alikuwa anataka kufika uwanja wa ndege, alisikia watu wa kwao wanachukuliwa, kwa hiyo wakatoka pamoja kwa miguu. Nilisimama getini. Saa saba ikapita. Wachina wakapanda magari, meneja akaniita mara mbili, mara ya tatu hakuniita. Saa nane yule mama akatokea kwenye kona ya ukuta, peke yake, miguu mitupu, kashika mkoba wa mdogo wangu.

Alinisimulia akiwa amekaa chini kwenye vumbi, na sijawahi kusahau hata neno.

"Walisimamisha sisi. Mimi nikasema, huyu ni kijana ya Kenya, iko nakaa na mimi, sisi tunaenda kwa ndege. Ule mujeshi alikuwa ameshakubali, dada. Alishafanya mkono hivi, pita. Halafu mwingine akasalimia yeye na lugha ya kwenu."

"Akafanya nini?"

"Akafurahi. Akaitikia mzuri sana, mpaka wao wakacheka. Akasema, mimi si mtu ya Kenya, mimi ni ya hapa, nyinyi ni ndugu yangu. Hiyo alisema na Kiswahili."

"Halafu?"

"Halafu wakauliza yeye kitu. Akanyamaza. Wakauliza tena." Alifuta uso kwa kanga yake. "Akarudisha ile salamu. Ileile. Kwa sababu hakuwa na ingine."

Wanajeshi wakasema kwa Kiarabu, na hiki yule mama alikisikia vizuri, kwamba huyu amefundishwa na adui kuitikia salamu ili apite. Wakamwambia mama aendelee na safari yake. Alitembea bila kugeuka, akasikia mlio nyuma yake, akaendelea kutembea. Simlaumu. Nimejaribu, nikashindwa.

Hatukumpata. Tulitafuta alikotafuta kila mtu, hospitalini, kando ya barabara, kwenye orodha za waliokimbilia kambi za walinda amani wa kigeni. Mama alikuja kutoka Eldoret barabara ilipofunguliwa. Alikaa kwenye kitanda cha mdogo wangu, akauliza ni nani aliyemwambia atoke nyumbani.

"Ni mimi, mama. Nilimpigia, nikamwambia aje."

Mama akatikisa kichwa taratibu. "Basi alitii," akasema. Mpaka leo tukizungumza ni kuhusu bei ya vitu na afya ya watu wengine.

Matangani mjomba mmoja alisimama akasema mwacha mila ni mtumwa, watoto wa Kenya hawajui hata lugha ya baba zao, ndiyo matokeo haya. Nilitaka kumrushia kikombe. Waliomuua mila walikuwa nayo tele, na lugha pia. Lakini nilikaa kimya, kwa sababu nilikuwa na lugha ya kumjibu meneja wa Kichina na sikuwa na ya kumjibu mjomba.

Wachina walirudi baada ya miezi michache, nami nikarudi kazini. Watu hushangaa nikiwaambia hivyo. Ulitaka nile nini? Ila kila asubuhi nilianza kupita kwa mama muuza chai mmoja karibu na chuo kikuu, wa watu wetu, nikamwomba anifundishe. Nilijifunza kwa njia ile ile ya China, kwa vikadi, kwa imla, kwa kusoma kwa sauti nikielekea ukutani, wateja wake wakinidhani nimechanganyikiwa. Siku moja nikamuuliza siku zile barabarani waliuliza nini. Aliendelea kukoroga sukari.

"Waliuliza kitu kimoja," akasema. "Ng'ombe wa baba yako hunywa maji wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali la pili. Hawaulizi ng'ombe. Wanauliza mto wenu, na ukitaja mto wamejua ukoo wako hadi babu wa saba. Jibu lake ni maneno mawili. Baba yetu hakuacha hata mbuzi, lakini maneno hayo mawili alituachia, na nyanya alikuwa nayo, na alikuwa akiyauliza kwenye simu miaka yote ile, tukimrudishia mama.

Kwa hiyo binti wa mwenye nyumba aliporudi kesho yake, nilikuwa nimeshaandaa jibu la kwanza. Nikamwambia programu inafaa. Nikamwambia asikae na watu wa kwao, asikubali kuahidiwa shahada kwa mdomo, achukue karatasi yenye mhuri kabla hajapanda ndege, na baridi ile si ya kusimuliwa. Atakuja kupata kazi. Wachina wataondoka na kurudi, barabara zitachimbwa na kuachwa, lakini mkalimani hakosi mkate. Alikuwa anaandika kila kitu kwenye simu yake.

Kisha nikamuuliza, kwa lugha ya kwetu, ng'ombe wa baba yake hunywa maji wapi. Yeye ni wa mto uleule.

Akacheka. "Auntie, hapo umeniacha. Mimi najua tu kusalimia."

Nikaweka ndoo chini. Nikamwambia akae.

Najua vizuri nilichokuwa nafanya. Najua kwamba jibu hilohilo, kwenye kizuizi cha upande wa pili, ndilo lingemtoa roho, na nikamwambia hilo pia, alijue kabla hajalitumia. Tukaanza na salamu, tukaenda kwenye swali, tukaenda kwenye jibu. Nilimsahihisha sauti. Nilimfanya arudie akielekea ukuta. Nikabadilisha swali, nikaliuliza kwa ukali, nikaliuliza kwa kucheka, nikaliuliza ghafla alipokuwa anakunywa maji, naye akajibu kila mara, mto na jina la babu, bila kusita. Mama yake alipomwita kupika asida, ugali wa huku, alikuwa ameshalimeza kabisa.

Alipoondoka nilibaki nimekaa kwenye kigoda. Miaka yote hii nilikuwa nikiupima ule mwaka. Mwaka wa Kichina upande mmoja, mwaka wa nyanya upande wa pili, nikijiambia kwamba nilichagua mmoja na mdogo wangu akalipa mwingine. Nilikuwa na kitu cha kujitetea nacho, maana mwaka ni mwingi, na msichana wa miaka ishirini ana haki ya kuuogopa.

Nilitazama kivuli cha ukuta. Binti alipokuja kilikuwa miguuni pangu, sasa kilikuwa kimefika mlangoni kwa yule mama wa Kiganda, ambaye hakurudi tena. Swali la pili na jibu lake vilikuwa vimetuchukua alasiri moja.